DAWA NA MEZA YA FUTARI: JE, DAWA YAKO INAFIKA INAKOKWENDA?

(Mhadhara huu ulitolewa na ndugu yetu mfamasia mbele ya vijana na familia, baada ya swala ya Alasiri. Tumeuandika kama ulivyosemwa, tukapunguza marudio tu. Mwishoni tumeweka baadhi ya maswali yaliyoulizwa. – Wahariri)



  



Nilipoombwa kuzungumza juu ya afya katika Ramadhan, najua wengi wenu mlidhani nitakuja kuwakataza sambusa na viazi vya karai. Hayo mmeyasikia kila mwaka, na kila mwaka sambusa zinaliwa. Leo nataka tushike jambo moja tu: dawa unayoimeza, je, inafanya kazi? Na ikiwa haifanyi kazi, ni nini kilichoizuia?

Mtu akiona dawa haimsaidii, maneno yetu tunayajua. Atasema daktari hajui. Atasema dawa ni feki. Mwengine atasema amerogwa. Dawa mbovu zipo, hilo hatukatai. Lakini mara nyingi dawa ni nzima na daktari kaandika sawa, na kilichoharibu kazi ni kitu cha kawaida kabisa kilichokuwa pale pale mezani: glasi ya maziwa, kikombe cha chai, tembe ya kiungulia, au shada la miraa baada ya Taraweh.

Ubaya wake ni kwamba haumi. Ukila kitu kibovu utatapika, utajua. Lakini dawa ikizuiwa isiingie mwilini, huhisi kitu. Unahesabu tembe zako, unamaliza dozi, unasema Alhamdulillah nimemaliza, kumbe umemeza nusu ya dawa au robo yake.

KWA NINI TUNAZUNGUMZA HAYA RAMADHAN?

Sisi hapa Kenya tuko kwenye Ikweta. Saumu yetu haibadiliki sana mwaka hadi mwaka, ni kama saa 13 na nusu. Maana yake usiku wetu wa kula na kunywa ni kama saa 10 na nusu tu. Katika hizo saa 10 na nusu tuna futari, tuna chakula cha usiku, tuna chai, tuna kahawa, tuna daku, na tuna usingizi.

Sasa tazameni. Katika miezi mingine mtu anakunywa chai saa 1 asubuhi, anameza dawa saa 3, anakunywa maziwa jioni. Vitu vimeachana vyenyewe bila yeye kufikiri. Ikiingia Ramadhan, vyote vinasukumwa katika meza mbili. Adhana ya Maghrib ikilia, mtu anafungua kwa tende, anapiga glasi ya maziwa, na papo hapo anameza tembe zake zote kwa mkupuo mmoja ili awahi swala. Vile ambavyo havikuwa vikikutana, sasa vinakutana kila siku kwa siku 29 au 30.

Ndiyo maana swali letu la leo si "dawa hii ninywe mara ngapi?" tu. Hilo sote tunauliza. Swali tunalolisahau ni hili: "Ninywe na nini, na niiweke mbali na nini?" Mkitoka hapa na swali hilo moja, mimi nimeridhika.

DAWA INAPOTEA NJIA GANI?

Ziko njia mbili kubwa.

Ya kwanza ni tumboni. Dawa ili ifanye kazi lazima ipite kwenye ukuta wa utumbo iingie kwenye damu. Kuna vitu vinavyoikamata humo tumboni na kushikamana nayo, wakawa kama watu wawili waliofungwa kamba moja, hawapiti mlangoni. Dawa inatoka na choo, haikuingia kabisa. Vinavyopenda kukamata dawa hivi ni madini: kalisiamu iliyomo kwenye maziwa, chuma kilichomo kwenye tembe za kuongeza damu, na magnesiamu na aluminiamu zilizomo kwenye dawa nyingi za kiungulia.

Ya pili ni kwenye ini. Ini ndilo linalovunja dawa na kuitoa mwilini. Kuna vitu vinavyolifanya ini lifanye kazi mbio kupita kiasi, dawa ikaisha kabla ya wakati. Na kuna vitu vinavyozuia kazi hiyo, dawa ikajaa mwilini hadi ikawa kama umemeza dozi mbili au tatu. Yote mawili ni hatari.

Kwa hivyo ukiuliza swali lako, jibu litakuwa mojawapo ya manne: tenganisha, ambatanisha, usibadilishe ghafla, au acha kabisa. Tuyapitie moja moja.

JIBU LA KWANZA: TENGANISHA

Tuanze na maziwa. Dawa za kuua bakteria za aina ya doksisaiklini na siprofloksasini hazipatani na maziwa, mtindi wala dawa za kiungulia. Siprofloksasini inatakiwa imezwe saa 2 kabla ya vitu hivyo au saa 6 baada yake. Kijana ameandikiwa dawa hiyo kwa maambukizi ya njia ya mkojo, anaimeza kwa glasi ya maziwa "isimkate tumbo". Nia njema, lakini bakteria wanapata dawa kidogo isiyowaua. Wanabaki wale wenye nguvu, na safari ijayo dawa ile haiwagusi tena.

Na hapo niongeze mawili. Siprofloksasini inachelewesha mwili kuitoa kafeini. Ukiimeza kisha ukakaa barazani na vikombe vitatu vya kahawa chungu, usishangae moyo ukienda mbio na usingizi ukakimbia. Na doksisaiklini usiimeze kwenye daku kisha ukalala hapo hapo. Imeze kwa glasi nzima ya maji na ukae wima angalau nusu saa, maana ikikwama kwenye koo la chakula inachoma na kutia kidonda. Swali Alfajiri, soma Qur'an yako, ndipo ulale.

Twende kwa kina mama. Mama mjamzito hapa kwetu akienda kliniki anapewa tembe ya chuma na asidi ya foliki. Ana ruhusa ya kutofunga akichelea afya yake au ya mtoto, hilo mashekhe wamelieleza. Lakini awe amefunga au hakufunga, tembe ile wengi wanaimeza kwa chai ya maziwa. Chai ina taniini, inakamata chuma. Maziwa yana kalisiamu, yanazuia chuma. Kahawa nayo ni hivyo hivyo. Tembe inamezwa mwezi baada ya mwezi, damu ikipimwa bado iko chini, na kuzaa kunakaribia. Mwanamke anayeingia chumba cha kuzalia damu yake ikiwa chini, akitokwa na damu hana akiba. Hapa ndugu zangu tunazungumza juu ya uhai.

Tiba yake haina gharama. Meza tembe kwa maji, au kwa maji ya ndimu au chungwa, kwani vitamini C inasaidia chuma kuingia. Chai isubiri saa moja hadi mbili. Na wale wanaokula udongo, ule wa vipande unaouzwa sokoni: udongo nao unakamata chuma na dawa nyingine. Mama anameza chuma kwa mkono mmoja na kukiondoa kwa mkono wa pili. Tusimcheke wala tusimgombeze. Hamu ya udongo yenyewe mara nyingi ni dalili kuwa damu imepungua. Amwambie muuguzi.

Sasa kiungulia. Futari yetu ya mafuta na pilipili ikishuka, saa 3 usiku kifua kinawaka, na tembe za kutafuna au dawa nyeupe ya chupa ziko kila nyumba. Dawa hizo hukamata zile dawa za bakteria tulizozitaja, hukamata chuma, na pia hukamata dolutegraviri.

Dolutegraviri ni sehemu ya tembe inayotumiwa leo na ndugu zetu wengi Kenya wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Nazungumza wazi kwa sababu wamo miongoni mwetu, ni ndugu zetu, na wengine wanameza dawa yao kwa siri wakati wa futari, nyumba imejaa watu. Tembe hii inaweza kumezwa na chakula au bila chakula. Lakini ikikutana na dawa ya kiungulia yenye magnesiamu au aluminiamu, inazuiwa. Inatakiwa imezwe saa 2 kabla ya dawa hiyo au saa 6 baada yake. Tembe za chuma au kalisiamu zinaweza kumezwa pamoja nayo ikiwa vyote vinamezwa pamoja na chakula. Kama hakuna chakula, sharti ni lile lile la saa 2 na saa 6. Mtu akikosa kuambiwa haya, virusi vinapata nafasi ya kuongezeka na pengine kuwa sugu. Na hatauliza kwa sababu anaogopa kujulikana. Basi sisi tulio na afya tuache maneno, ili mwenzetu apate nafasi ya kuuliza.

Dawa ya tezi ya shingo, levothairoksini, ndiyo inayopenda upweke kuliko zote. Inataka tumbo tupu na maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, na iwe mbali na tembe za chuma na kalisiamu kwa saa 4. Kahawa nayo huipunguza. Katika Ramadhan wengine huimeza wakiamka, kabla ya daku, na wengine usiku angalau saa 3 baada ya kula. Panga na daktari wako moja kati ya hizo na ushikamane nayo mwezi mzima.

JIBU LA PILI: AMBATANISHA

Si kila dawa inataka tumbo tupu. Dawa ya malaria yenye artemetha na lumefantrini, ambayo Kenya iliichagua kuwa dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali mwaka 2004 na kuanza kuisambaza mwaka 2006, inataka chakula chenye mafuta. Lumefantrini bila mafuta huingia kidogo sana mwilini. Kwa hiyo hapa maziwa ni rafiki. Yule aliyesikia maneno yangu ya kwanza akakimbilia kusema "maziwa yanaharibu dawa" amekosea. Inategemea ni dawa gani.

Na dozi yake ni mara 6 katika siku 3: ya kwanza, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni siku mbili. Fanyeni hesabu. Ukianza saa 12:30 jioni, ya pili ni saa 8:30 usiku, ya tatu saa 12:30 jioni ya kesho, ya nne ni saa 12:30 asubuhi, na Alfajiri imeshapita. Haiingii ndani ya usiku wetu. Tena mwenye malaria ana homa na anahitaji maji. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqarah, aya ya 184 na 185, amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Ichukue ruhusa hiyo. Kuvuta dozi mbele na nyuma ili usifungue si ushujaa. Unaweza kuwacha vijidudu ndani ya damu, na malaria ikarudi kwa nguvu.

JIBU LA TATU: USIBADILISHE GHAFLA

Kuna wazee wetu wanaotumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, pengine kwa sababu ya moyo au mguu ulioganda damu. Mboga za majani kama sukuma wiki, mchicha na kisamvu zina vitamini K, na vitamini K inapingana na wafarini. Je, aache mboga? Hapana. Dozi yake imepimwa kulingana na chakula chake cha kila siku. Tatizo ni kubadilika ghafla: mwezi mzima alikuwa akila sukuma kila jioni, Ramadhan ikaingia akawa hali majani kabisa, anakula tambi na nyama. Dawa inazidi nguvu, anaanza kutokwa na damu ya fizi au puani. Idd ikipita anarudi kwenye sukuma, dawa inapungua nguvu, damu inaganda. Ale kwa kiasi kile kile, na kipimo cha damu kifanywe mara nyingi zaidi mwezi huu.

Vivyo hivyo mwenye sukari. Dawa kama glibenklamidi na insulini zimepimwa kwa mtu anayekula mchana. Dozi hiyo lazima daktari aitazame upya kabla ya Ramadhan. Halafu ndani ya nyumba zetu kuna uwatu, karela na habasoda, vyote vina uwezo wa kushusha sukari. Ukivianza vyote kwa pamoja Ramadhan, juu ya dawa, juu ya saumu, sukari inaweza kuporomoka saa 10 jioni mtu akadhaniwa amelala kumbe amezimia.

JIBU LA NNE: ACHA KABISA

Hapa nitawapa kisa cha kweli cha kisayansi. Mwaka 1989 huko London, mji ulioko Ontario nchini Canada, mtafiti David Bailey na wenzake walikuwa wakichunguza kama pombe inaingiliana na dawa ya presha iitwayo felodipini. Ili waliojaribiwa wasijue nani amepewa pombe, waliificha ladha yake kwa maji ya balungi. Wakashangaa: dawa ilipanda sana katika damu hata kwa wale ambao hawakupewa pombe. Kumbe mwenye kesi alikuwa balungi. Mwaka 1991 walichapisha habari hizo katika jarida la Lancet, na tangu hapo imejulikana kuwa balungi linaingilia dawa nyingi, zikiwemo simvastatini ya kushusha mafuta ya damu na baadhi ya dawa za presha kama nifedipini. Danzi nalo lina kemikali za aina hiyo.

Hapa kutenganisha saa hakusaidii, kwa sababu glasi moja inaweza kufanya kazi mwilini siku nzima na zaidi. Kwa hiyo ukiwa kwenye dawa hizo, juisi ya futari iwe ya embe, pasheni au ukwaju, na balungi waachie wengine.

La pili la kuacha ni dawa za maumivu zinazonunuliwa bila kuandikiwa, ibuprofeni na diklofenaki, kwa mwenye presha. Kichwa kinamuuma kwa kukosa chai ya asubuhi, akifungua tu anatwanga tembe mbili, kila jioni. Dawa hizi zinapunguza nguvu ya dawa nyingi za presha, na kwa mtu aliyekaukiwa na maji zinaumiza figo. Presha inapanda, anaongezewa dawa ya presha, kumbe adui ni tembe ya maumivu. Kwa watu wengi parasetamoli kwa kiasi chake ni salama zaidi. Na ile poda ya tumbo inayotoa povu ina sodiamu nyingi, nayo haimfai mwenye presha.

La tatu ni miraa, nitalijibu kwenye maswali maana naona vijana wanatazamana.

NENO JUU YA KIFUA KIKUU

Dawa ya kifua kikuu, rifampisini, ina mambo mawili. Yenyewe inataka tumbo tupu, saa 1 kabla ya kula au saa 2 baada yake. Halafu inalichochea ini kuvunja dawa nyingine haraka: tembe na vipandikizi vya uzazi wa mpango, wafarini, na hata dolutegraviri, ambayo kwa kawaida inaongezwa iwe mara mbili kwa siku. Kwa hiyo mwenye kutibiwa kifua kikuu akieleza kila dawa nyingine anayotumia, anajikinga nafsi yake na nyumba yake. Tiba ya kawaida ni miezi 6. Asikate hata siku moja kwa ajili ya Ramadhan.

UFANYE NINI LEO JIONI?

Kwanza, ukirudi nyumbani chukua mfuko. Tia ndani kila dawa ya nyumba: za hospitali, za kemisti, za kiungulia, vitamini, mafuta ya habasoda, majani ya mwarobaini. Mara nyingi utakuta dawa moja ina majina mawili na mtu anazimeza zote.

Pili, beba mfuko huo kwa mfamasia, umwambie na unachokula: "Nafungua kwa maziwa, nanywa kahawa baada ya Taraweh." Usione haya. Yeye hakuhukumu, anapanga saa.

Tatu, uliza maswali matatu. Ninywe na nini? Niiweke mbali na nini, kwa saa ngapi? Nikiona dalili gani nirudi? Kisha soma ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi. Vijana mnaosoma, wasomeeni babu na bibi zenu. Hiyo ni thawabu kubwa na haikuchukui dakika kumi.

Nne, andika ratiba ubandike ukutani: Maghrib, baada ya Taraweh, kabla ya daku. Dawa yenye dozi tatu kwa siku usijikatie mwenyewe ziwe mbili. Muombe daktari dawa ya mara moja au mara mbili. Mara nyingi ipo.

Tano, usiache dawa kwa sababu ya haya niliyosema. Sikuja kuwatisha. Dawa nyingi hazina ugomvi na chakula chetu, na maji matupu ndiyo kinywaji bora cha kumezea karibu kila dawa.

MASWALI

Swali (kutoka upande wa kina mama): Bibi yangu ana sukari na presha, na kila siku anakula habasoda kwa asali. Tukimwambia aache anasema tunaikataa hadithi. Tumwambieje?

Jibu: Ahsante mama. Msimwambie hivyo, hamtapatana. Hadithi ya habasoda ni mashuhuri na tunaiheshimu. Lakini Mtume (S.A.W.) huyo huyo ametuhimiza kutafuta matibabu. Mwambieni bibi kwa adabu: "Bibi, tunataka daktari ajue unachotumia ili akupimie dawa sawa." Asali nayo ni sukari, ihesabiwe. Na apimwe sukari mchana; mashekhe wengi wamesema kutoboa kidole hakubatilishi saumu. Ikiteremka chini ya 3.9 afungue papo hapo, asingoje Maghrib.

Swali (kijana): Umesema miraa. Ina shida gani na dawa?

Jibu: Watafiti wa Yemen walichapisha utafiti mwaka 1997 juu ya miraa na dawa za ampisilini na amoksisilini. Waligundua kuwa kutafuna miraa kunapunguza dawa inayoingia mwilini, hasa ampisilini. Dawa ikimezwa saa 2 baada ya kumaliza kutafuna, athari ile haikuonekana tena. Sasa wewe unatafuna kutoka Taraweh hadi daku. Hizo saa 2 utazipata wapi? Tena miraa inapandisha presha na mapigo ya moyo, ndiyo kazi ile ile ambayo dawa ya presha inajaribu kuishusha. Mimi kama mfamasia nakwambia, ukiwa kwenye dawa, iwache. Na mwezi huu ni mwezi mzuri wa kuiwacha moja kwa moja.

Swali: Mbona kemisti hawatuelezi mambo haya?

Jibu: Wengine wanaeleza, wengine wana foleni, na wengine, tuseme kweli, si wafamasia. Nunua mahali palipoandikishwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Cheti kinatakiwa kiwe ukutani, ukione. Na dawa ikikudhuru, au ukishuku ni mbovu, mwambie mfamasia au daktari aripoti. Bodi hiyo inapokea ripoti kama hizo. Lakini kuuliza ni haki yako. Unauliza bei mara tatu, uliza na dawa yenyewe mara moja.

Swali: Tende zinaharibu dawa?

Jibu: Dawa nyingi hazina ugomvi na tende. Ila mwenye sukari ahesabu, na mwenye ugonjwa wa figo au anayetumia enalaprili pamoja na spironolaktoni amuulize daktari, kwani tende na madafu yana potasiamu, nayo ikizidi inaudhuru moyo.

Ndugu zangu, mwili ni amana tuliyopewa, na dawa ni sababu tu, shifaa inatoka kwa Allah. Lakini kufunga mlango kisha ukalalamika kuwa mgeni hakuingia, huko si kutawakali. Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, atutakabalie saumu zetu na swala zetu, na atufikishe Idd tukiwa na afya na familia zetu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.